Jogoo wa Shaba wa Bwana Walter

Tangu turudi kutoka safari ile ya kaskazini, kila Jumapili kanisani mtu ananivuta kando na kuniuliza habari za jogoo. Wengine wanauliza kwa huruma. Wengine wanauliza tulimuuza kwa nani. Nikiulizwa mbele za watu, maneno hunikauka kabla hayajafika mdomoni, kwa hiyo nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la nane na mkono wangu si mwepesi, lakini kwenye karatasi hakuna anayenikatiza.

Mwisho wake mnaujua. Mama amefutwa kazi, na ruhusa yetu ya kukaa nchi hii ilikuwa imefungwa kwenye kazi ile. Msichokijua ni njia tuliyopita mpaka tukafika hapo.

Kings Heath

Mama alikuwa akimtunza Bwana Walter nyumbani kwake hapa Birmingham, mtaa wa nyuma ya maduka. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani asubuhi na jioni. Mkewe alikufa zamani. Alikuwa na mtoto mmoja, Peter, anayeishi kaskazini, na walikuwa hawasemezani.

Mezani karibu na kitanda chake palikuwa na kisahani, na ndani ya kisahani alikaa jogoo. Ni bruchi, yaani pini ya kubania vazi begani, na urefu wake haufiki kidole gumba. Ilitengenezwa na Warumi waliotawala nchi hii zamani sana. Alikuwa wa kijani kibichi mwili mzima, kama shaba iliyonyeshewa miaka mingi, na kwenye mkia na mabawa alikuwa na vishimo vidogo vilivyojazwa rangi ya buluu na nyekundu iliyong'aa kama kioo. Bwana Walter alimwambia Mama kwamba Warumi walimwamini jogoo. Walisema ndiye anayemtangulia maiti kumwonyesha njia, kwa sababu ndiye anayejua giza linaishia wapi.

Mama alipomwona mara ya kwanza alimuuliza, "Bwana Walter, kumbe ulikuwa mwanachama? Kwetu huyu alikuwa alama ya chama tawala. Ukimvaa, polisi hawakugusi." Bwana Walter alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa anamwita Mama "Mheshimiwa".

Jogoo huyo walimwokota pamoja, baba na mtoto, kwenye shamba lililolimwa, Peter akiwa mdogo. Peter ndiye aliyemwona kwanza. Miaka mingi baadaye wakagombana, sijui kwa nini, na jogoo akabaki kwa baba. Siku zake za mwisho Bwana Walter alimtoa kwenye kisahani, akamtia Mama mkononi, akasema, "Mpe Peter. Mkononi mwake. Usitume kwa posta."

Mama akasema, "Nitampa."

Aliyelelewa nyumbani kwetu anajua uzito wa kumwambia "nitampa" mtu anayekata roho. Sina haja ya kueleza.

Baada ya mazishi, ofisi iliyomwajiri Mama ilipiga simu. Peter alikuwa ameletewa vitu vya baba yake, akalalamika kwamba jogoo hayumo. Mama akasema, ninaye mimi, nilipewa nimpelekee. Dada wa ofisini akasema mtunzaji haruhusiwi kutoka na kitu chochote cha mgonjwa, hata sindano, hata kwa nia njema. Mama amrudishe kwa Peter. Peter akithibitisha kwamba ndiye jogoo wa baba yake, mambo yataishia hapo. Asipothibitisha, kazi imekwisha.

Siku moja kabla ya safari nilitoka kazini Hockley, ambako nafagia karakana ya watu wanaotengeneza pete, nikamkuta Mama kwenye sinki. Nyote mmeona sufuria za Mama. Mmejionea nyuso zenu kwenye sufuria za Mama. Alikuwa na limau, chumvi na waya wa kusugulia, na jogoo alikuwa mkononi mwake aking'aa kama pete mpya.

"Sasa anafanana na kitu cha mtu," akasema.

Nilimwona mzuri. Kwetu, jirani akikuazima sufuria, unaisugua kuliko unavyosugua yako, na hurudishi mikono mitupu. Mama alikuwa ameshafunga pakiti ya majani ya chai ya nyumbani ili aende nayo. Maji ya sinki yalikuwa ya kijani, na chini yalikuwa na chembe za buluu kama mchanga. Akazibua sinki, zikaenda.

Digbeth

Kituoni, basi la kwenda Leeds, kaskazini anakokaa Peter, lilichelewa. Kila mara kioo cha matangazo kilisogeza saa mbele. Mvua ilikuwa ikipigwa na upepo mpaka ndani ya mlango, na watu walijibana upande mmoja kama mbuzi. Mama alikaa na mkoba wake mapajani, mikono miwili juu yake. Tulikuwa tukizungumza kwa sauti ya chini, na mzee mmoja wa kilemba, Singasinga, akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Nyinyi watu ya wapi?"

"Machakos," Mama akasema.

"Machakos! Mimi Kisumu. Nimezaliwa Kisumu, baba yangu fundi ya reli." Akanitazama. "Na huyu kijana hasemi?"

"Anasema akitaka," Mama akasema. "Bado hajataka."

"Basi ana akili. Mimi nikianza, mke yangu alikuwa natoka nje."

Jina lake Mzee Jaswant. Alikuwa akienda kumwona binti yake. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa Hockley, akitengeneza na kurekebisha vitu vya fedha na shaba, mpaka macho yakachoka. Tulipopanda, alihama kiti chake akaja kukaa karibu nasi. Alisema Kiswahili chake kimeshika kutu na anataka kukitembeza.

Barabara kuu

Hatukuwa tumefika mbali basi lilipofunga breki na kusimama. Mbele kulikuwa na ajali. Barabara yote ilifungwa, na helikopta ilishuka kwenye nyasi pembeni. Dereva alizima injini, baridi ikaingia. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia kwa sababu atakosa ndege, na hakuna aliyemwambia kitu, kwa maana wote tulikuwa tumeona ile helikopta.

Mama akafungua chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, chai ya maziwa kwenye chupa. Akamkatia Mzee Jaswant chapati nzima.

"Hii laini," mzee akasema. "Mkwe yangu hawezi."

"Usimseme mkwe wako kwa wageni."

"Mimi nasema hata mbele yake. Yeye hajui Kiswahili."

Mama alicheka, na kwa sababu alikuwa amecheka, moyo ukamfunguka. Akamweleza mzee safari yetu, habari za Bwana Walter na Peter na ofisi. Halafu akatoa leso nyeupe mkobani, akaifungua mapajani. Jogoo alimeta hata katika mwanga ule mbaya.

Mzee Jaswant alipandisha miwani kwenye paji la uso, akamchukua kwa vidole viwili, akamleta karibu kabisa na jicho. Akamgeuza. Akapitisha ukucha kwenye vishimo vya mkia, ambavyo sasa vilikuwa vitupu. Taya zake zikaacha kutafuna.

"Mama," akasema, "hii kitu nani alisugua?"

"Ni mimi. Limau na chumvi. Amependeza, ama?"

"Amependeza. Kama anaenda harusi."

Lakini alikuwa akinitazama mimi alipokuwa akisema hivyo, na nikajua kuna jambo.

Alieleza polepole, akitafuta maneno. Ile kijani haikuwa uchafu. Ilikuwa umri wa jogoo. Shaba ikikaa ardhini miaka mingi kiasi kile inajifanyia ngozi, na wanaojua huitambua kwa ngozi hiyo. Ile buluu na nyekundu ilikuwa kioo ambacho Warumi wenyewe waliyeyusha na kumimina pale. Udongo ulikuwa umeshakilegeza, kwa hiyo waya ukakitoa chote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimemchuna ngozi," akasema.

"Si kusudi, Mama."

"Nimemchuna ngozi na macho nikamtoa."

Mzee Jaswant akamrudisha jogoo kwenye leso, akaikunja yeye mwenyewe. Akasema shaba haisemi uongo. Hockley kuna mtu anayemfahamu, mwenye kioo cha kukuzia, ambaye akichungulia ndani ya vile vishimo ataona kutu ya zamani ambayo hakuna waya unaoifikia, na atasema mbele ya ofisi yoyote kwamba kitu hiki ni cha kale. "Kama iko shida, rudi na yeye," aliniambia. "Msimwache. Nipigie simu mimi, tutakwenda pamoja." Akanisomea namba yake nikaiandika kwenye simu.

Basi lilipoanza kusogea tulipita mahali pa ajali. Walikuwa wameweka pazia la buluu, lakini kiatu kimoja kilikuwa upande wetu wa pazia. Mama alifunga chapati zilizobaki, na hakula tena siku ile.

Kutoka Leeds

Basi dogo la kwenda kijijini kwa Peter lilikuwa limetuacha. Tuliagana na Mzee Jaswant, binti yake akiwa anamvuta mkono kwa sababu gari limeegeshwa vibaya, naye akigeuka nyuma kuniambia tena, "Rudi na yeye, kijana." Tukasubiri basi lingine kwenye kibanda kisicho na mlango. Nilinunua chipsi nikamletea Mama. Muuzaji alikuwa amezimwagia siki nyingi bila kuniuliza.

Mama akanusa. "Hii siki nayo ingetosha kumchuna jogoo," akasema, akanirudishia.

Njiani kulikuwa na mashamba tu, kuta za mawe na kondoo waliolowa. Tuliposhuka hapakuwa na mtu isipokuwa mwanamke mmoja na mbwa, akifungua mlango wa gari lake. Nilikuwa na anwani ya Peter kwenye simu lakini mtandao haukuwepo. Mama akamsogelea kumuuliza, na kabla hajamaliza salamu yule mwanamke akasema, "Jamani, mmelowa hivyo! Ingieni, najua mnakokwenda. Mama yangu yuko hapo hapo."

Tukaingia. Alitupeleka kwa wema wote, akiwasha joto la gari mpaka juu, akieleza jinsi wauguzi wanavyomtunza mama yake. Mimi na Mama tulitazamana. Tulidhani labda Peter anaishi na wazazi wa watu. Akatushusha mbele ya nyumba ndefu yenye madirisha mengi, akatupungia mkono, akaondoka.

Ilikuwa nyumba ya wazee.

Mlango ulifunguliwa na dada mwenye sare, anahema. "Nyinyi ndio wahudumu wa zamu mliotumwa na ofisi? Mlitakiwa asubuhi. Mmoja aende juu, mmoja jikoni." Akanitupia aproni.

Nilisimama na aproni mkononi. Mama alianza kueleza, lakini bibi kizee mmoja aliyekaa kwenye korido, shingo imelala upande, alianza kuita, "Nesi, nesi." Hakuna aliyegeuka. Mama aliweka mkoba chini, akaenda. Akamwinua kidogo kwa kwapa, akamnyoosha mto nyuma ya shingo, akamfunika miguu. Bibi akamshika mkono akakataa kumwachia. Yule dada akaniambia, "Ni mzuri, huyu. Atakaa mpaka lini?"

Ilichukua muda kumfanya aelewe. Alipoelewa aliona haya, akatuchorea njia nyuma ya bahasha: geuka kanisani, pita daraja, nyumba ya mwisho. Mama alikuwa bado ameshikwa mkono. Ilibidi afungue vidole vya bibi kimoja kimoja.

Nyumba ya mwisho

Peter ni mtu mzima, nywele nyeupe, mrefu, na ana pua ya baba yake. Alijua tunakuja kwa sababu ofisi ilimwambia. Hakutukaribisha ndani, lakini hakuwa mkali. Alisimama mlangoni na soksi, akisema njia lazima ilikuwa mbaya.

Mama alimpa pole ya msiba. Alimpa ile pakiti ya chai. Halafu akamwambia kwa Kiingereza alichokuwa amekifanyia mazoezi, "Baba yako aliniambia, mkononi mwako." Akafungua leso.

Peter alitazama. Nilimwona akitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

"Hii ni nini?"

"Ni jogoo. Nilimwosha. Samahani, sikujua. Nilimwosha vibaya."

Alimchukua, akampima uzito kiganjani. Aliingia ndani akarudi na picha yenye fremu. Kwenye picha alikuwa mtoto wa viatu vya matope, amenyoosha mkono, na mkononi yuko jogoo. Hata kwenye picha ile iliyofifia ungeona kijani chake na mkia wa buluu. Peter akaziweka sambamba, picha na jogoo wetu anayemeta. Mimi mwenyewe, ningekuwa simjui, ningesema ni vitu viwili.

"Nilimpata mimi," akasema. "Ningemjua gizani." Kisha akamtazama Mama. "Huyu ametengenezwa wiki iliyopita."

"Hapana. Limau na chumvi."

"Birmingham kuna watu wanaoweza kutengeneza hiki kabla ya chakula cha mchana." Akanigeukia. Aliuliza kwa adabu kabisa. "Na wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nafagia karakana Hockley. Wanatengeneza pete.

Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akiliogopa. Nikajaribu kusema kwamba kuna watu wenye vioo vya kukuzia, kwamba hata yeye anaweza kumpeleka akapimwa, kwamba ndani ya vishimo kuna kutu ya zamani. Kiingereza changu kilitoka vipande vipande. Peter alifumba macho.

"Nimemzika baba yangu kwa simu," akasema. "Nimechoka. Mchukueni mwende naye. Kesho nitaongea na ofisi yenu." Akamrudisha jogoo kwenye leso ya Mama.

Nitasema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Jogoo yuko mkononi mwetu. Kesho yake tungempigia Mzee Jaswant, tungekwenda Hockley, mtu angechungulia, angesema ni wa kale, ofisi ingesikia. Nikamwambia Mama kwa Kikamba, haraka, twende, twende naye, mzee alisema tusimwache.

Mama akanijibu kwa Kiswahili. "Nilimwambia nini baba yake?"

"Ulimwambia utampa. Umempa. Amekataa mwenyewe."

"Kukataa ni kwake."

"Mama, tukimwacha hatuna cha kuonyesha. Atasema tulileta bandia na itakuwa hivyo. Tutarudishwa."

"Nimekusikia, Mutua."

Akapanda ngazi ile moja ya mlangoni. Akamshika Peter mkono wa kulia, na sijui kwa nini Peter aliuacha ushikwe. Akamweka jogoo katikati ya kiganja. Akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikafunga, akavishika hivyo kidogo kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wagonjwa wanaosahau kushika kikombe.

"Kutoka kwa baba yako," akasema.

Peter alibaki ametazama ngumi yake. Halafu akarudi nyuma hatua moja, na mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Kurudi

Tulitembea mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imegeuka theluji laini isiyokaa. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kurudi nikagonge mlango ule, na nilikuwa naona haya kumkasirikia mama yangu. Basi lilikuja, tukapanda, tukabadilisha Leeds, tukapanda tena. Mahali pa ajali palikuwa pamesafishwa, magari yanapita kasi kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Ofisi ilipiga simu mapema kesho yake. Peter alikuwa amesema aliletewa nakala. Mama hakubishana nao. Nilimpigia Mzee Jaswant mara moja. Akasikiliza, akauliza, "Alimwacha?" nikasema ndiyo, akasema nimsalimie Mama.

Mnaouliza kama tumemuuza: hatukumuuza. Mnaouliza kwa nini Mama hakurudi naye akapimwa: nami niliuliza hivyo. Nilimuuliza mara moja tu, ndani ya basi, tulipoanza kuona taa za Birmingham. Nikamwambia, "Na akimtupa? Anaamini ni takataka. Anaweza kumtupa leo hii kwenye pipa."

Mama alikuwa akikunja ile leso, pembe kwa pembe.

"Akimtupa," akasema, "atakuwa ametupa cha kwake."